Muulize Fundi: Kabla hujanunua king'amuzi kingine

Masika imeingia na barua zenu zimefurika kama Jangwani. Nimezisomea kibarazani kwangu hapa Magomeni, miwani puani, na karibu zote zinalia kilio kimoja: televisheni inaganda, inakatika, inaandika hakuna mawimbi. Kilichoniudhi ni kwamba wengi wenu mlikwisha nunua king'amuzi cha pili kabla ya kuniandikia. Mmoja ana vitatu, amevipanga juu ya kabati kama vikombe vya ushindi. King'amuzi ni kiboksi cha kulala sebuleni penye kivuli, hakinyeshewi wala hakipigwi jua. Antena na waya ndivyo vinavyolala nje mwaka mzima. Basi mwezi huu tupande juu ya bati pamoja.

*

*Shikamoo fundi. Televisheni yetu asubuhi na mchana inaonyesha vizuri kabisa. Ikifika saa moja jioni, taarifa ya habari ikikaribia, picha inaanza kuganda na sauti inakatakata kama mtu anayeongea huku anatafuna karanga. Fundi wa mtaani alisema king'amuzi kimechoka, nikanunua kingine, nacho kinafanya vile vile. Mume wangu anasema ni ghorofa la jirani linaziba. Nifanyeje?*
*Mama wa Kimara Suka*

Marahaba, mama. Mwambie mzee kwamba ghorofa haliondoki asubuhi likarudi jioni. Mwizi wetu ni yule anayekuja saa moja na kuondoka watu wakilala. Sasa jiulize: saa moja jioni hapo nyumbani kunawashwa nini?

Taa.

Usinicheke. Mimi mwenyewe, na ufundi wangu wote huu, niliteseka wiki mbili na ugonjwa huo huo. Nililaumu mvua, nikalaumu mnara, nikapanda juu ya bati mara tatu na goti langu hili bovu. Siku moja taa ya barazani ikaungua. Mke wangu akanituma dukani nikalete nyingine, nami nikawa navuta miguu kwa sababu mechi siku hiyo ilikuwa inaonekana kama unatazama dirishani. Nimefika katikati ya njia ndipo akili ikanirudia: leo kwa nini haigandi?

Taa hizi za LED za bei ya chee zina kisakiti kidogo ndani ambacho hukata umeme na kuuachia maelfu ya mara kwa sekunde moja. Kazi hiyo huzaa kelele, siyo ya masikio bali ya redio, na kelele hiyo inasafiri hewani na kwenye nyaya za nyumba. Taa iliyotengenezwa kwa uangalifu ina kichujio cha kuizuia isitoke. Ile uliyonunua tatu kwa bei ya moja, kichujio kilibaki kiwandani. Chaja za simu za kuokota zina tabia hiyo hiyo, na baadhi ya mashine za kubadilisha umeme wa sola ndizo usiseme.

Fanya hivi. Mchana, picha ikiwa safi, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, tafuta ukurasa wenye mistari miwili ya mawimbi. Mara nyingi uko mahali pa kutafuta chaneli kwa mkono. Mstari mmoja ni nguvu, wa pili ni ubora. Mweke mtoto hapo autazame ule wa ubora, wewe zunguka nyumba nzima uwashe taa moja baada ya nyingine, na ya nje ya ukuta usiisahau. Mtoto akipiga kelele "umeshuka!", umemkamata. Kama taa zako zote ni safi, mwombe jirani awashe yake ya barazani, lakini ombeni kwa adabu, watu hawapendi kuambiwa taa zao ni mbaya.

Hiyo mistari miwili ina mengi ya kukwambia, na mafundi wengi wa mtaani hutazama mmoja tu. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, mawimbi yanafika lakini yamechafuliwa: na taa, na busta mbovu (kile kiboksi cha kukuza mawimbi), au na mwangwi wa majengo. Vyote viwili vikiwa chini, tatizo liko kwenye antena, mwelekeo wake, au waya. Nguvu ikiwa sifuri kabisa, kabla ya kumwita mtu yeyote angalia kama waya umechomoka nyuma. Nimelipwa nauli ya bodaboda kwenda Mbezi Beach kuchomeka waya uliochomolewa na dada wa kazi akifuta vumbi.

Nawe utauliza, kama ni taa tu, mbona enzi za analojia hatukuteseka hivi? Tuliteseka, ila kwa namna nyingine. Zamani picha iliharibika kidogo kidogo, ikaja na chenga, nasi tukaangalia hivyo hivyo, mchezaji mmoja akiwa na kivuli chake pembeni. Digitali haina chenga. Picha inakuja ikiwa namba, na pamoja nazo zinakuja namba za ziada za kusahihishia makosa. Makosa yakiwa machache king'amuzi kinayarekebisha kimya kimya, wewe hujui kitu. Yakizidi uwezo wake, picha inavunjika miraba miraba na kuganda. Kutoka picha safi mpaka kioo cheusi ni hatua moja, kama mtu anayetembea ukingoni mwa genge. Kwa hiyo mama, ukishambadilisha huyo mwizi wa barazani, bado nakushauri uinue antena yako. Taa moja isingeweza kumwangusha mtu aliyesimama mbali na genge.

*

*Fundi, hapa Kigamboni mvua ikianza tu televisheni inazimika, na inakaa siku mbili tatu baada ya mvua ndipo irudi. Nimeambiwa mawimbi ndivyo yalivyo, hayapendi mvua. Natumia antena ya kawaida ya juu ya paa, siyo dishi. Ni kweli?*
*Mstaafu, Kigamboni*

Shikamoo mzee wangu. Aliyekwambia hivyo amechanganya madebe mawili. Anayeogopa mvua ni dishi. Mawimbi ya dishi yanatoka kwenye setilaiti, yana masafa ya gigahezi kumi na zaidi, na matone ya mvua kubwa huyameza kweli. Hata hivyo mvua ikipungua dishi hurudi, haliweki tanga siku tatu. Antena yako ya paa inapokea masafa ya chini zaidi, kati ya megahezi 470 na 694, ambayo mvua haiyashughulishi. Kama antena ya kawaida inaugua mvua, ujue maji yameingia kwenye waya. Na hizo siku mbili tatu ni muda wa waya kukauka.

Niliitwa nyumba moja huko huko kwenu, karibu na bahari. Mwenye nyumba analalamika king'amuzi kinatoa maji. Nikajua ananitania. Nilipofungua pini ya nyuma, tone likaanguka mkononi mwangu. Waya ulikuwa umechubuka kule juu kwenye antena, mvua ikaingia ndani ya ganda jeusi ikashuka mita zaidi ya ishirini kama bomba, mpaka sebuleni. Nilipoupasua kwa kisu, zile nyuzi za kusuka za ndani zilikuwa zimegeuka kijani kibichi. Chumvi ya bahari hiyo, mzee. Kigamboni, Msasani na Kunduchi waya hauzeeki kama unavyozeeka Kibaha.

Waya wa namna hiyo haukaushwi, unatupwa. Nunua mpya, na ukifika Kariakoo usiseme tu "nipe waya wa antena", utapewa ule mwembamba unaopinda kama tambi. Sema unataka waya wa omu 75 wa RG6, uupinde kidogo uone ugumu wake, na umwombe muuzaji aumenye ncha: ndani uone nyuzi za kusuka nyingi zilizoshikana, na chini yake karatasi ya aluminiamu. Ukiona nyuzi nane tu zimetawanyika kama mvi za kichwa changu, rudisha. Pima kwanza nyumbani kwa kamba ujue unahitaji mita ngapi, usinunue rola nzima ukazungusha inayobaki nyuma ya kabati. Hata RG6 nzuri, mita thelathini hupoteza karibu robo tatu ya nguvu iliyotoka kwenye antena. Tambi zile hupoteza zaidi.

Usiunge waya katikati kwa kusokota na gundi nyeusi. Najua kila mtu anafanya. Waya huu siyo wa taa. Mawimbi yakifika kwenye kiungo kibaya mengine yanageuza kurudi yalikotoka. Kama ni lazima uunge, tumia pini za kuzungusha na kiunganishi chake cha chuma, na uhakikishe hakuna hata unyuzi mmoja wa nje unaogusa shaba ya katikati. Unyuzi mmoja mwembamba kama unywele unatosha kuua kila kitu. Pale juu ya antena, ukishafunga, zungushia mpira wa kujishika wenyewe au funika kwa kitu kisichopitisha maji. Halafu, kabla waya haujaingia dirishani, uache uning'inie chini kidogo kama tumbo, ili maji yadondokee hapo badala ya kuufuata ndani. Hili la tumbo halina gharama yoyote, na sijawahi kuona fundi kijana akilifanya.

*

*Fundi, nimejenga Goba, bondeni kidogo. Kijana wangu amepanda juu amezungusha antena pande zote, mimi niko chini namwambia "bado, bado", hakuna kitu. Jirani wa mlimani anapata chaneli zote. Nini siri?*
*Baba wa Goba*

Umenikumbusha mbali. Bara tulianza kupata televisheni mwaka 1994, wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, ya rangi kabisa, tangu miaka ya 1970. Enzi zile kila nyumba yenye televisheni ilikuwa na kijana wake wa juu ya paa. Waliokosa pesa ya antena walifunga mifuniko miwili ya sufuria kwenye ubao, na Mungu ni mwema, ikashika. Chini uani wamekaa watu ishirini wanaongoza: "Geuza kwa Mchaga! Rudi! Hapo hapo! Usiguse!" Kijana anabaki ameganda kama sanamu mpaka mpira uishe.

Mtindo huo ulikufa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilipozimwa, ya kwanza nchini. Mifuniko ikarudi jikoni, lakini namna ya kuongozana bado mnaitumia ile ya zamani, na hapo ndipo kijana wako anapokosea. Analojia ilionyesha mabadiliko papo hapo. King'amuzi kinahitaji sekunde kadhaa kukamata mawimbi, kuyapanga na kutoa picha. Kijana akizungusha mfululizo, anapita kwenye mwelekeo sahihi na kuuacha nyuma kabla king'amuzi hakijafumbua jicho.

Kwa hiyo msitazame picha, tazameni ule ukurasa wa mistari. Ageuze antena kiasi cha upana wa vidole viwili, asimame, ahesabu mpaka kumi, wewe useme namba ya ubora. Ageuze tena. Andika kwenye karatasi. Mkimaliza duara zima, rudini kwenye namba kubwa kuliko zote. Inachosha, lakini mnafanya mara moja.

Kabla ya kuanza, tembea mtaani utazame antena za jirani zimeelekea wapi. Angalia kwanza anatumia king'amuzi cha kampuni gani, maana kila kampuni ina mitambo yake na si lazima mnara wa hii usimame ulipo wa ile. Tazama pia vile vijiti vya antena zao vimelala kama mtu usingizini au vimesimama kama askari. Mawimbi yanarushwa yakiwa yamelala au yamesimama, na antena lazima iyafuate. Ukikosea hapo, utazungusha mpaka Idi.

Sasa habari ya bonde. Mawimbi haya hayapandi vilima, yanataka kuonana na mnara ana kwa ana, au karibu na hivyo. Jirani wa mlimani anaonana nao, wewe una mlima mbele ya uso. Kinachokusaidia kwanza ni urefu. Bomba la mita nne juu ya bati linaweza kufanya kazi ambayo antena ya gharama iliyofungwa ukutani haitaifanya kamwe. Na usiiweke antena chini ya bati, darini. Bati ni ukuta wa chuma. Cha pili ni kuihamisha, siyo kuizungusha tu. Mawimbi yanayogonga vilima na mapaa yanakutana hewani, penye bahati yanasaidiana, pengine yanauana. Niliwahi kupata picha safi kwa kusogeza bomba kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine, antena ile ile, waya ule ule.

Kabla hujasimamisha bomba, pima: lina urefu gani, na nyaya za TANESCO ziko umbali gani? Likianguka upande wowote lisizifikie. Alama hii kwenye kiganja changu cha kulia niliipata Manzese nikiwa kijana, nikisimamisha bomba la mtu mchana kweupe. Nilirushwa, nikaangukia mchanga. Wengine wameangukia kaburini.

Na kama umefanya yote na ubora bado haupandi, baba, kubali. Kuna mashimo Goba na Makabe ambayo mnara hauyaoni. Hapo nunua dishi, litazame mbinguni, uache kumtesa kijana.

*

*Shikamoo fundi. Kaka yangu aliyeko Houston amenitumia boksi la kubadilisha mawimbi ya digitali, anasema wao huko walipewa na kuponi za serikali. Nimelichomeka, linawaka, linatafuta chaneli mpaka mwisho kisha linaandika sifuri. Antena ni nzima. Je, kuna namna ya kulifungua?*
*Kijana wa Tabata Segerea*

Marahaba. Halijafungwa, mwanangu, halijui lugha yetu tu. Ni kweli Marekani serikali ilitoa kuponi za dola 40, zisizozidi mbili kwa kaya, watu wanunue maboksi hayo, kabla ya vituo vyao vikubwa kuzima analojia tarehe 12 Juni 2009. Lakini mfumo wao unaitwa ATSC, na chaneli zao zina upana wa megahezi 6. Sisi tunatumia DVB-T2, chaneli ya megahezi 8. Hakuna programu wala fundi wa kubadilisha hilo. Mshukuru kaka kwa moyo wake. Na geuza boksi usome kibandiko cha umeme: kikiwa 100 hadi 240 una bahati. Kikiwa 120 peke yake, lichomoe sasa hivi, umeme wetu ni volti 230 na kimya hicho ni cha muda.

Hili liwafikie na wanaonunua televisheni za mtumba. Iliyotoka Marekani ina ugonjwa huo huo, ya Japani ina mfumo wake wa tatu, ISDB-T. Nyingi zitakubali king'amuzi kwa waya wa HDMI, ila zenyewe hazitashika kitu hapa. Ya Ulaya soma kama imeandikwa T2. Zenye DVB-T peke yake, ule mfumo wa kwanza, hazitoshi. Na wanaoniuliza kama televisheni mpya ya bapa inahitaji king'amuzi: ikiwa na DVB-T2 ndani, choma antena moja kwa moja uitafutishe chaneli, zisizofungwa zitaingia. Zilizofungwa zinamtaka mwenye nazo, na mwenye nazo anataka kifurushi.

*

*Fundi, nina nyumba ya kupangisha Mbagala Rangi Tatu. Nimeweka antena moja nzuri, nikagawa kwa wapangaji watatu, kila mmoja na king'amuzi chake. Sasa wote wanalalamika. Nikanunua busta nikaiweka kwangu sebuleni, hali ikawa mbaya zaidi.*
*Mama mwenye nyumba*

Mama, kwanza niambie umegawaje. Kama umemenya nyaya zote nne ukazisokota pamoja, usiniambie, nitaumwa kichwa. Tumia kigawanyio cha chuma chenye pini za kuzungusha, kile kinachoitwa splita, cha njia tatu. Hata hicho hakileti muujiza: mawimbi ni kama ugali mmoja, ukiwagawia watatu kila mmoja hapati hata theluthi kamili, kwa sababu na splita nayo inamega chake.

Busta ndiyo dawa, lakini umeiweka mahali pabaya. Busta haijui kutofautisha picha na kelele, inakuza chochote kinachoifikia. Ukiiweka mwisho wa waya mrefu, mawimbi yamekwisha choka na kelele za njiani zimejaa, ni kama kumpa kipaza sauti mtu anayenong'ona katikati ya soko la Kariakoo. Iweke juu, karibu na antena, kabla ya waya mrefu na kabla ya splita. Ziko busta zinazofungwa pale pale kwenye bomba, umeme wake unapanda kwa waya huo huo wa antena kutoka kwenye kiboksi cha chini. Hapo angalia splita yako: nyingi zinapitisha umeme kwenye mlango mmoja tu. Kiboksi cha umeme kikiwa kwenye mlango mwingine, busta inakufa njaa juu huko.

Baadhi ya ving'amuzi vyenyewe hutoa volti 5 kwenda kwenye antena, kuna mahali pa kuwasha kwenye mipangilio. Ni kwa ajili ya antena zenye busta ndani. Kama yako haina busta, zima. Zipo antena ambazo kwa umeme huo ni sawa na kuunganisha chanya na hasi, na king'amuzi kitaanza kulalamika au kukataa kabisa.

Na kama Mbagala yako iko karibu na mnara na mawimbi ni makali, busta haifai kabisa. Mawimbi makali yakikuzwa yanavuruga mashine ya kupokelea, ubora unashuka huku nguvu ikisoma mia. Jaribu kuitoa uone. Nimewahi kuponya televisheni ya mteja kwa kuondoa kitu alichokinunua, na akanilipa kwa shingo upande.

*

*Niko ghorofa ya sita, mtaa wa Msimbazi. Mwenye nyumba hataki antena juu ya paa. Ya ndani inashika nikiishika mkononi tu.*
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

Basi mwili wako ni sehemu ya antena, na kazi hiyo haina mshahara. Toa antena juu ya televisheni, pale ndipo pabaya kuliko pote, ipeleke dirishani. Dirisha lenye grili ya nondo lina kelele za mwangwi, jaribu la upande mwingine hata kama ni la jikoni, na utumie waya mrefu zaidi. Mwangwi wenyewe usikutishe sana, DVB-T2 imetengenezwa kuvumilia mawimbi yanayochelewa kufika kwa sababu yamegonga jengo. Kinachokuua ni zege na vyuma. Ukipata sehemu nzuri, weka alama kwa kalamu.

*

*Shikamoo fundi. Nasoma chuo, nimepanga Sinza, king'amuzi nimepewa na mjomba lakini antena sina pesa. Naweza kutengeneza?*
*Mwanafunzi*

Marahaba. Unaweza, na nakupenda kwa kuuliza. Mawimbi ya megahezi 550 yana urefu wa sentimita 54 na nusu hivi. Antena rahisi kuliko zote inataka nusu ya hapo, na ukipunguza kidogo kwa ajili ya chuma chenyewe unabaki na sentimita 26. Kwa hiyo kata henga la nguo la chuma, upate vijiti viwili vya sentimita 13 kila kimoja. Vikwangue rangi kwenye ncha. Vifunge kwenye kipande cha ubao mkavu, vikitazamana kwa mstari mmoja, katikati uache nafasi ya sentimita moja visigusane. Shaba ya katikati ya waya iende kijiti cha kushoto, nyuzi za nje ziende cha kulia, ukaze kwa skrubu. Upana wa antena ndio unaoutazamisha mnara, siyo ncha. Nyuma yake, sentimita kama 13, unaweza kuweka bapa la chuma lirudishe mawimbi mbele, litasaidia sana. Mfuniko mkubwa wa sufuria unafaa. Ila ukiwa wa mama mwenye nyumba, mwombe kwanza, na siku ya pilau uufungue urudi jikoni.